Kocha Seif na Cheti cha Kuzaliwa

Mafuta ya kitani yana harufu isiyotoka mikononi hata uoshe kwa sabuni mara tatu. Nilikuwa nampimia mteja lita moja ya mafuta hayo, dukani kwangu Bidbid, baba aliponipigia simu kutoka Ibra kuniambia Kocha Seif amefariki. Alikuwa amesimama uwanjani baada ya sala ya alasiri, firimbi mdomoni, akaketi chini kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu. Hakuinuka tena.

"Inna lillahi," nikasema, kwa sababu ndivyo isemwavyo. Kisha nikanusa vidole vyangu, na hasira ya miaka thelathini ikaamka nzima nzima. Msinione mbaya, wenzangu. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba amenitoroka.

Tulirudi Oman kutoka Bujumbura nikiwa mdogo, tukakaa Ibra, baba akapata kazi ya udereva wa lori la maji la serikali. Kocha Seif alikuwa Mzanzibari, na mpira wa magongo aliucheza kwao tangu ujana wake. Alitembea uwanjani na kanzu ya Kiomani, dishdasha jeupe lisiloshika vumbi, sijui kwa dawa gani. Kila Alhamisi alitukalisha kizingitini mwa nyumba yake tuyasugue magongo yetu kwa mafuta ya kitani mpaka mbao zing'ae, huku akituambia gongo kavu humvunja moyo mwenyewe.

Kiswahili changu kilimchekesha. Siku moja aliniita, nikajibu kama tulivyosema nyumbani, "Niko nakuja!" Akashika kiuno. "Uko unakuja? Basi njoo, usikae huko ukiwa unakuja!" Timu nzima ikaangua kicheko, na tangu hapo jina langu likawa Niko Nakuja. Lakini alinifunza. "Usilipige gongo kama unaua nyoka," alikuwa akisema. "Sukuma. Mpira uondoke wenyewe kwa hiari yake." Nikasukuma, na nilipofika miaka kumi na mitatu hapakuwa na mfungaji kama mimi Ibra nzima.

Mwaka huo tuliingia fainali ya watoto wasiozidi miaka kumi na mitatu, Nizwa. Baba aliomba ruhusa kazini, akaja na chupa ya chai ya tangawizi, akasimama peke yake pembeni mwa uwanja akiwa amevaa kilemba chake cha Idi. Nilikuwa nafunga viatu Kocha Seif alipokuja na karatasi mkononi. Ilikuwa cheti changu cha kuzaliwa.

"Huyu hachezi," akasema kwa sauti, mbele ya wachezaji, wazazi na wakuu wa mashindano. "Umri wake ushapita. Cheti hiki kimetengenezwa, na aliyekitengeneza yule pale." Akamnyooshea baba kidole.

Jezi yangu akampa Talib, mtoto wa dada yake.

Nilimtazama baba nikingoja ajibu. Alifunga kifuniko cha chupa ya chai, taratibu, akaja kunishika mkono. Kutoka Nizwa mpaka nyumbani hakufungua mdomo, na baada ya siku hiyo hakukanyaga uwanja wowote.

Nikakataa kucheza Ibra. Nilihamia kwa mjomba wangu, Bidbid, na kila jioni niliupiga mpira kwenye ukuta wa ghala lake mpaka plasta ikabanduka. Kila pigo lilikuwa la uso wa Kocha Seif. Baada ya miaka miwili timu yetu ikakutana na Ibra, palepale Nizwa. Nilifunga mabao matatu. La tatu lilipoingia nilikimbia hadi mbele ya benchi lake, nikapiga ukelele: "Niko nakuja, Kocha!"

Alinitazama, akatabasamu. Jioni hiyo aliwaambia watu, "Yule mie ndiye niliyemfunza." Hata nilipokuja kuchezea taifa aliendelea kusema hivyo kwa kila aliyemuuliza. Mimi nikiulizwa nilijibu kwamba nilifunzwa na ukuta.

Siku ya tatu ya msiba nilimpitia baba, tukaenda pamoja kwenye sabla ya mtaa, ukumbi ambamo wanaume walikuwa wakipokea rambirambi. Kahawa na tende zilizunguka, na kila mtu alikuwa na wema wa marehemu wa kusimulia. Talib, sasa mwenye mvi, akanigeukia. "Wewe ndiye mwanafunzi wake mkubwa. Tuambie neno."

Neno hilo nilikuwa nimelitayarisha tangu Bidbid. Baba alinivuta mkono wa dishdasha. Nikasimama.

"Alinifunza magongo, Mungu amrehemu," nikasema. "Na alimwita baba yangu mwongo wa vyeti mbele za watu, asimwombe radhi mpaka amekufa. Nataka mjue mliyemzika alikuwa mtu gani."

Hakuna aliyegusa kikombe. Siwafichi: nilisikia utamu mpaka kwenye meno.

Ndani ya gari baba alikaa bila kufunga mkanda.

"Ulizaliwa mwaka mmoja kabla ya ule ulioandikwa," akasema. "Tulipofika, shule ilikukataa, wakasema umeshakuwa mkubwa kwa darasa la kwanza. Nikakuandikisha upya."

"Kwa hiyo alisema kweli?"

"Alisema kweli. Na aliisema ili mpwa wake acheze. Yote mawili ni kweli." Akauvuta mkanda, akauachia. "Kesho yake alikuja nyumbani, wewe uko shule. Akanirudishia cheti. Akasema, 'Bwana Nasor, wakuu wanakitaka, nimewaambia kimepotea. Ya uwanjani yamekwisha uwanjani.' Wangekipata, mwanangu, wangetaka karatasi zetu zote. Kazi yangu ingeondoka siku hiyohiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanitetea," akasema. "Nikapenda kutetewa."

Tangu utotoni niliamini kimya chake kule Nizwa ni cha mtu aliyedhulumiwa. Kilikuwa cha mtu anayeogopa, anayengoja kuona yule mwingine atafika wapi. Na yule mwingine, siku nilipomkejeli mbele ya benchi lake, alikuwa na neno la kutuangusha sote. Alilimeza, akasema tu kwamba ndiye aliyenifunza. Bado sijamsamehe ile jezi. Lakini hasira iliyobaki ni ndogo, na siioni ikimwenea mtu yeyote.

Niliwasha gari, sikutia gia. Mlangoni mwa sabla watu walikuwa wakitoka, Talib katikati yao, kichwa chini.

"Zima," baba akasema.

Alifungua mlango, akarekebisha kilemba chake kwenye kioo cha pembeni, akaanza kuwaendea, mzee wangu asiyejibu kitu mbele za watu. Sikumzuia. Nilimwona akimshika Talib bega, na wote wakasimama kumsikiliza.