Mashavu ya Kwenye Pakiti

Leo mteja amekoroga juisi ya unga mbele ya kibanda changu, hapa Butembo. Ile harufu ya machungwa ya uongo imenirudisha kwetu Mulekera, kwenye nyumba tuliyoachiwa na marehemu wazazi wetu.

Gari la matangazo ya juisi hiyo lilikuja na muziki. "Batoto bakunywe, bapate nguvu!" kilisema kipaza sauti. Kwenye pakiti za unga wake kulikuwa na picha ya mtoto mwenye mashavu ya mviringo. Mimi, mkubwa wao, yaya kama walivyoniita, nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu watatu. Nikaanza kubadilisha maharagi ya shamba letu kwa zile pakiti. Kila jioni tulikula fufu, ugali wetu wa muhogo, kwa maji yale matamu.

Siku zilivyopita, mashavu ya kitinda mimba wetu yakajaa.

"We yaya, unalea muzuri!" jirani alicheka. "Huyu amekuwa patron, bosi kabisa!"

Nilishika pakiti kando ya uso wake, nikalinganisha, nikafurahi.

Kisha akashindwa kutembea. Kwenye kituo cha afya, muuguzi alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Huyu hapana munene, amevimba kwa kukosa chakula ya kujenga mwili. Anakulaka nini?"

"Jus ya nguvu, mama."

"Na maharagi ya shamba, munapelekaka wapi?"

Mdogo wangu alinivuta nguo. "Yaya, uniletee jus, nipone."

Wadogo wawili waliobaki hai, ninaoishi nao hapa, wananicheka. Kila asubuhi bado ninabonyeza miguu yao kabla hawajavaa viatu.