Shuka la Mtu Mmoja

Shangazi yangu aliniajiri nilale. Sitanii, ingawa utani ndio somo pekee nililofaulu vizuri chuoni. Ile stashahada ya biashara mpaka leo imebaki nusu, kama nyumba iliyoishia kwenye madirisha. Mambo yalipokaza nikarudi nyumbani na begi moja na maneno mengi, na mama akaniambia, "Nenda kwa shangazi yako. Yeye ana kazi, wewe una mdomo, mtaona mtakavyofanya."

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la rangi. Cherehani zilipangwa chini ya dirisha, meza ya kukatia ikakaa katikati kama ng'ombe aliyegoma, na harufu ya rangi ilikuwa imepenya ukutani kiasi kwamba ukinywa chai unahisi umekunywa na ukuta. Miaka yote hiyo shangazi alishona mapazia. Mapazia yalimlea, yakamlelea na watoto. Halafu siku moja akayaacha, na mtaa ukasema mama wa watu jua limempiga.

Halikuwa jua. Alikuwa jirani yake, mke wa fundi saa.

Fundi saa alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukazimika. Mtu aliyeamsha saa za mtaa mzima akawa hawezi hata kujigeuza kitandani. Ilibidi ageuzwe mara kwa mara asichubuke mgongo, na wa kumgeuza alikuwa mkewe peke yake, mama mwembamba wa kubebwa na upepo. Alikuwa akiita majirani. Majirani wakija, fundi anageuzwa. Wasipokuja, anabaki vile vile ameelekea ukutani. Mtoto wao wa kiume anayeishi mji mwingine, mtu mwema ila ana haraka, akaona hapana. "Mama, mgongo wako utakatika, mtakuwa wagonjwa wawili," akamwambia. "Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua baba." Kwake kulikuwa na nafasi ya kitanda kimoja tu. Maana yake mume aende, mke abaki.

Yule mama hakulia mbele ya shangazi. Alisema tu, "Jirani yangu, mimi usingizi wangu huja nikisikia anavyokoroma. Akiondoka nitalalaje?"

Shangazi alirudi karakana, akaliweka kando pazia alilokuwa analishona, akachukua chaki yake ya fundi na kuandika ukutani kwa herufi kubwa: MTU MMOJA AMGEUZE MGONJWA WAKE, WASIUMIZANE.

Mimi ndiyo kwanza nimeingia wakati huo, harufu ya chuo haijanitoka. Nikasoma, nikatikisa kichwa kama profesa.

"Shangazi, hii kitaalamu inaitwa dira ya bidhaa."

"Inaitwaje?"

"Dira. Unaanza na pale unapotaka mteja wako afike, halafu bidhaa inafuata nyuma. Tumesoma."

"Na mlisoma inashonwaje?"

"Hapo ndipo nilipoishia."

Fundi mmoja akaangua kicheko mpaka mguu ukateleza kwenye kanyagio. Huyo tulimwita Sindano, dada mdogo wa umbo ambaye akisimama karibu na ufagio, utausalimia ufagio kwanza. Tangu siku hiyo mimi na Sindano hatujawahi kupatana, na hatuwezi kuishi bila kugombana.

Bidhaa yenyewe ilikuwa shuka. Shuka gumu lenye mishikio pembeni, ili mgonjwa alale juu yake na anayemuuguza apate pa kushika. Rahisi kusema. Kazi ilikuwa kulilinda, maana hakuna kitu kinachovuta washauri kama kitu ambacho hakijakamilika. Kila aliyepita mlangoni alikuwa na lake. Na shangazi kila wazo alilipeleka ukutani, akalisimamisha mbele ya ile sentensi kama mtuhumiwa.

Mwenye duka la vifaa vya wagonjwa alikuja na manukato yake, akalishika shuka kwa vidole viwili. Akasema atalichukua lote litakaloshonwa, mradi liwe na maua, mfuko wa simu, na maandishi ya "Pona Haraka" pale kifuani.

"Mfuko wa simu unamgeuza nani?" shangazi akauliza.

"Mama, watu wananunua kwa macho."

"Macho nimeyashonea mapazia miaka yote, baba. Sasa nashonea mgongo."

Jamaa akaondoka, manukato yakabaki. Mimi nikaona tunapoteza nafasi, nikaleta wazo langu. "Shangazi, kwa nini tujifunge kwa wagonjwa? Shuka lenye mishikio linahamisha chochote. Linahamisha hata sofa! Soko la sofa ni kubwa."

"Sofa lina mke?"

"Halina."

"Basi litajigeuza."

Sasa, kazi yangu. Shangazi alikuwa na desturi ambayo sijaiona popote: shuka halitoki mlangoni mpaka mdogo kuliko wote amgeuze mnene kuliko wote. Mdogo ni Sindano. Mnene, sina haja ya kuwachosha, mama yangu husema nina mwili wa mtu aliyemaliza shahada zote. Nikawa mgonjwa wa kuajiriwa. Napanda kwenye meza ya kukatia, nalala chali juu ya shuka, Sindano anashika mishikio, "Pole mgonjwa," ananivuta, nageuka ubavu. Mafundi wanapiga makofi. Nilikuwa nageuka vizuri, nisijisifu.

Shuka la kwanza lililopita mtihani likapelekwa kwa mke wa fundi saa. Asubuhi yake akalirudisha, amelikunja na kulipiga pasi kabisa.

"Jirani, msije mkaniona sina shukrani," akasema, macho yako chini. "Shuka lilikuja, yeye akabaki pale pale. Mkono wake ukabanwa chini, akaumia. Na mwanangu amepiga simu. Anakuja Jumapili."

Mimi, ambaye kunyamaza hakunipendi, nikasubiri mama wa watu atoke ndipo nikasema, "Labda hakufuata maelekezo."

Shangazi akageuka taratibu. "Mteja akishindwa na bidhaa, bidhaa ndiyo imeshindwa. Hilo hamkulifikia?"

"Tulilifikia, shangazi. Nilikuwa nimekaa nyuma."

Akanipandisha mezani. Sindano akavuta, nikageuka. Akavuta tena, nikageuka tena. Wakabadilisha kitambaa, wakaongeza mishikio, wakanipeleka kulia, wakanipeleka kushoto. Kila mara nageuka kama chapati. Hiyo ndiyo ilimnyima shangazi raha. Kitu kikikataa kila mahali, unakitupa. Hiki kilikubali kwetu na kukataa kwa yule mmoja ambaye kilishonwa kwa ajili yake, na Jumapili ilikuwa inakuja na haraka zake.

Siku moja kabla ya siku yenyewe, tumetoka kula, joto limetulia chumbani kama mgeni asiyeaga. Nikapanda mezani kusubiri zamu yangu. Wakawa wanabishana kuhusu uzi. Mimi nikapitiwa na usingizi, usingizi halali wa mtu aliyeshiba.

Nilichosikia baadaye ni maumivu ya mkono na sauti ya Sindano: "Acha ujinga wewe, geuka! Unajifanya gogo?"

Nikapiga ukelele. Mkono wangu ulikuwa umebanwa chini ya ubavu, shuka limenivuka nusu, na mimi nipo pale pale. Mafundi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi peke yake hakucheka.

"Hebu rudia."

"Nirudie kupiga kelele?"

"Kulala."

"Shangazi, usingizi si cherehani, haukanyagwi."

"Basi jilegeze." Akaingiza kiganja chake chini ya bega langu, akamwambia Sindano avute. Nikajilegeza kadiri ya uwezo wangu. Sindano akavuta, nikageuka. Shangazi akatoa mkono polepole, anautazama kama umeokota kitu.

"Unamsaidia," akasema.

"Sijafanya kitu!"

"Wewe hujafanya. Bega lako limefanya. Akianza kuvuta tu, linanyanyuka lenyewe."

Tukatazamana. Muda wote ule tulikuwa tumempima mgonjwa mwenye adabu. Ukiona mtu anahangaika na mwili wako, mwili unamsogelea, hata hauulizi ruhusa. Fundi saa alikuwa hana bega la kumsogelea mkewe. Shuka letu lilikuwa linafanya kazi nusu, nusu nyingine naifanya mimi. Nilipomsimulia mama kwamba biashara ilikaribia kuanguka kwa sababu ya adabu yangu, aliomba nirudie, hakuamini masikio yake.

Shangazi hakulaumu mtu. Alipanda mezani mwenyewe na kulala pale kimya, akiwasikiliza wakimvuta. Aliposhuka alikuwa amekwisha kukata shauri. "Kinachobaki nyuma ni bega na nyonga," akasema. "Vingine vinafuata." Akachukua mkasi na kuikata mishikio yote ya pembeni, ile tuliyoishona kwa mikono yetu, ikadondoka sakafuni kama masikio. Badala yake akashona mikanda miwili mirefu kwenye ukingo wa mbali: mmoja usawa wa bega, mwingine usawa wa nyonga. Mikanda inapita juu ya mgonjwa na kukutana kwenye mshikio mmoja upande wa anayevuta. Mkono wa mgonjwa unawekwa kifuani kwanza. Halafu anayevuta hanyanyui chochote. Anaegemea nyuma tu, kama anayetaka kukaa kwenye kiti, uzito wake mwenyewe ndio unafanya kazi.

Likabaki tatizo langu, yaani kulegea. Sindano ndiye aliyepata dawa. "Mwulizeni habari za chuo," akasema. "Akianza kujisifu hana mwili tena, amebaki mdomo."

Ni matusi, lakini ni kweli. Nikaanza kuwasimulia jinsi nilivyotoa mada kuhusu ubunifu katika biashara mbele ya darasa zima, jinsi mhadhiri alivyovua miwani, na nilipokuwa nafika penye utamu wenyewe nikajikuta natazama dirisha. Nimegeuzwa. Sikujua nimegeuzwa lini. Bega na nyonga vimekuja pamoja, mkono upo kifuani, na Sindano amesimama pale hata hajatweta, anauliza, "Enhe, miwani akaivua, halafu?"

Jumapili tulikwenda watatu: shangazi, Sindano na mimi wa kubeba shuka. Chumba cha fundi saa kilikuwa kidogo na kisafi. Saa za ukutani zilikuwa bado zinatembea, kila moja na wakati wake kwa kuwa msimamizi wao amelala. Mtoto alikuwa amekwisha kufika. Sanduku lilikuwa wazi sakafuni, na ndani yake mashati ya baba yake.

"Shangazi, nashukuru sana kwa mnavyomsaidia mama," akasema kwa heshima, "lakini gari linasubiri."

"Lisubiri kidogo, mwanangu. Ni kugeuza tu."

Fundi saa alikuwa ameelekea ukutani. Tukasaidiana mara ile ya kwanza kumlaza chali juu ya shuka, kisha shangazi akatuambia sote tukae mbali, ukutani, mikono nyuma. Nadhani alikuwa anaogopa adabu yetu. Mke wa fundi akaweka mkono wa mumewe kifuani, akaupapasa, akashika mshikio. Mwanawe akapiga hatua mbele na shangazi akamzuia kwa jicho tu.

"Usimnyanyue, jirani. Kaa nyuma. Kaa tu kama unakaa."

Akaegemea. Mikanda ikakaza. Kwa muda hakuna kilichotokea, na mimi nikajikuta nanyanyua bega langu mwenyewe nikiwa nimesimama. Kisha bega la mzee likaja, nyonga ikaja nalo, mwili wote ukageuka kwa utulivu, na fundi saa akawa ameelekea upande wa mkewe, uso kwa uso.

Wakaangaliana. Mzee akafungua nusu ya mdomo inayofunguka.

"Kumbe... umezeeka," akasema.

"Na wewe je? Ungejiona!" mkewe akajibu, huku machozi yanamshuka na bado hajaachia mshikio.

Sote tukacheka, na mtoto akacheka zaidi yetu mpaka akafunika uso kwa mikono. Aliomba ajaribu na yeye. Akavuta kwa nguvu zake za kijana, baba akalalamika, "Taratibu! Mimi si gunia," na mama akampiga kikofi cha mkono: "Haraka zako hizo. Egemea."

Mke wa fundi akamshika shangazi mikono yote miwili. "Nikushukuruje, jirani yangu?"

"Niambie kinachokukera."

"Hakuna kinachonikera!"

"Kipo. Sema."

Mama akafungua kiganja, kwa aibu. "Mkanda unakwaruza hapa, kidogo sana."

Na shangazi akafurahi. Wallahi nilimwona: shukrani zote zile alizipokea kwa kichwa tu, lakini lile kwaruzo alilipokea kama zawadi, akaligusa kwa kidole gumba na kusema kesho tutaliwekea pamba. Sindano alikuwa anafuta macho kwa kona ya shuka, nikataka kumtania, nikakuta na mimi nahitaji kona. Niliwahi kukaa darasani nikiandika maana ya dira, ubunifu, na thamani kwa mteja. Namshukuru Mungu nikaja kuviona vikiwa vimelala kitandani vinalalamika. Na namshukuru shangazi aliyenipa kazi pale ambapo sikuwa na cha kumpa ila uzito.

Yule mtoto alikaa ukingoni mwa kitanda kwa muda, mkono wake umeshika goti la baba yake. Halafu akatoka nje kumwambia dereva aende. Aliporudi alipiga magoti mbele ya sanduku, akatoa shati la kwanza, akalikunja vibaya, akavuta droo.

"Siyo hiyo," mama yake akasema bila kugeuka, maana alikuwa bado anamwangalia mumewe. "Mashati ya baba yako yanakaa droo ya juu."