Mguu wa Marehemu Baba

Mchana, Fundi Meno hutengeneza meno ya bandia katika kliniki iliyo juu ya duka la rangi. Jioni hupiga selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Pamoja na selo alirithi mguu wa kulia usiotulia, maana baba alimfundisha kuhesabu mapigo kwa kisigino, naye mpaka leo hapigi mstari mmoja bila kugonga sakafu.

Miaka nenda rudi mguu huo haukumkera mtu. Balaa lilikuja kundi lake la watu wanne lilipochukua utungo mpya wa vyombo vinne, kazi ya mtunzi aliye hai, tena aliyeahidi kuja kusikiliza. Utungo huo hauna mapigo. Wapigaji husikilizana pumzi: mmoja akivuta hewa, wenzake huingia. Katikati kuna ukimya mrefu, pinde zote za kupigia nyuzi zikiwa hewani, na hapo ndipo kila siku ya mazoezi kisigino cha Fundi Meno kiliposikika, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi.

Kiongozi wao, mwalimu wa hesabu mwenye fidla ya kwanza, alivumilia mpaka akachoka. "Dada yangu, wewe nilikualika, na selo yako pia," alimwambia. "Huo mguu sikuualika. Ukigonga tena, nitatafuta mtu mwingine."

Fundi Meno akaukalia mguu, kiuno kikamuuma. Akauweka juu ya mto, ukateleza. Mwishowe akavua viatu, na sakafu ikanyamaza.

Nyumbani mama yake hakunyamaza.

"Pekupeku? Mbele za watu? Baba yako alipanda majukwaani maisha yake yote, hakuna aliyewahi kuona hata soksi zake."

"Mama, nikivaa viatu nitafukuzwa."

"Basi ufukuzwe ukiwa umevaa."

Siku ya onyesho alivaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa na mama mwenyewe. Alipoketi, akamtazama mama kwenye safu ya mbele, kisha taratibu akavivua chini ya pindo la gauni. Mama akakaza midomo.

Utungo ukaenda vizuri, ukimya ukafika. Ko. Ko. Ko.

Mwalimu akaigeukia selo kwa macho makali. Miguu ya Fundi Meno ilikuwa imetulia kama ya meza. Sauti ilitoka safu ya mbele: mama, aliyezoea kumsaidia mumewe kuhesabu sebuleni, alikuwa akihesabu.

Alipokisikia kisigino chake, alijikausha. Kisha akainama kama anayeokota leso, akavua viatu. Fundi Meno akavuta pumzi, na wote wanne wakaingia pamoja.

Baadaye mtunzi alikuja akicheka, akauliza ni nani aliyegonga. Mama akasimama wima.

"Ni sisi," akasema. "Kwetu tunahesabu."

Mwalimu akamwambia Fundi Meno nafasi yake ipo, ila safari ijayo mama aache viatu mlangoni. Mama alisikia. Alikuwa bado anakitafuta kiatu cha pili kwa kidole cha mguu, chini ya kiti.