Kiingereza cha Kumpokea Mke Mwenza

Mama alizeeka bila kuhitaji Kiingereza. Alichumbiwa kwa Kiluba, akatulea kwa Kiswahili, akagombana na makarani wa mgodi kwa Kifaransa chake cha kuungaunga na akashinda. Kiingereza aliniachia mimi, kwa kuwa ndicho kinachonilisha: nakifundisha shuleni hapa Kolwezi asubuhi, na alasiri nawafundisha watu wazima wa mtaa wa Musonoi wanaotafuta kazi kwenye makampuni ya shaba. Kwa hiyo alipoingia jikoni kwangu, akaketi na kusema, "Unifundishe Kingereza," nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Mdogo wangu alikuwa anakuja likizo kutoka Amerika na binti yake, na binti huyo hakujua hata neno moja la Kiswahili. Baba yake ni mtu wa Ghana, nyumbani kwao wanaelewana kwa Kiingereza. Mimi nimezaa wavulana watupu. Huyu ndiye alikuwa mjukuu pekee wa kike wa Mama, na walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Asiye wa kwetu lazima aelezwe kitu hapa. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, mbanda, maana wote wawili wana mume mmoja, yaani babu. Wakikutana lazima wagombane. Bibi anamzuia mlangoni, anamwita mwizi wa mabwana za watu, anamfukuza. Mtoto naye anajibu kwa matusi ya kwake. Mimi nilikuwa nikimwambia bibi yangu, "Muzee wako hana meno, bakia naye!" Hapo watu wanacheka, bibi anamkumbatia mbanda wake, na tangu siku hiyo wawili hao hawana siri. Mama alikuwa ameisubiri zamu yake miaka mingi, akiwatazama majirani wakigombana na wajukuu zao na kumeza mate.

Basi nikamfundisha. Nikiri kwamba mimi ni mwalimu mwenye hasira za karibu. Hapa Kolwezi Kiingereza kinaingia juu ya malori. Wanafunzi wangu wanakiokota kwa madereva wa Zambia, kwa wakubwa wa Kichina wasiojali wakati uliopita wala ujao, kwa Wahindi wenye maduka, kwa mafundi wa Afrika Kusini. Nami nasimama mbele yao na kitabu changu cha Uingereza, nikiitetea herufi u ya neno colour kana kwamba nimeirithi kwa babu yangu. Mtu akiruka koma, napiga meza.

Mama hakuruka koma hata moja. Aliniuliza kila mahali, "Hapa napumua?" Nikamwambia hapa ndiyo, hapa bado. Hakutaka kujua siku za juma wala rangi. Alitaka ugomvi wake tu, wote, kwa Kiingereza safi: Wewe mwizi, umekuja kuninyang'anya mume wangu. Hapa hakuna nafasi yako. Rudi ulikotoka! Akautamka akipepeta unga, akautamka akienda kanisani. Baba, aliyeachishwa kazi ya mgodi zamani na sasa anashinda kwenye kiti chake akikohoa, alikuwa akimjibu kutoka uani, "Muache aingie, mi nimechoka na wewe!" Nyumba ile haikuwa imecheka hivyo kwa muda mrefu.

Siku yenyewe Mama alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Majirani walijaa uani. Gari lilipofika kutoka Lubumbashi, jekundu kwa vumbi, mdogo wangu akashuka, kisha mtoto, msichana wa miaka saba mwenye mkoba wa mgongoni. Mama akajitanda langoni, mkono kiunoni, akausema ugomvi wake wote bila kukwama. Sarufi haikuwa na doa. Majirani wakapiga vigelegele.

Mtoto alisimama. Mama akasubiri jibu, huku amekunja uso vizuri sana. Jibu halikuja. Akafanya kile ambacho bibi yeyote wa kwetu angefanya kwa mtoto mwenye haya: akarudia yote, kwa sauti ya juu zaidi.

Mtoto akamgeukia mama yake akamuuliza kwa Kiingereza amekosa nini. Kisha akalia, si kilio cha deko, kilio cha mtu anayejizuia mbele ya wageni.

"Mama!" mdogo wangu akapiga kelele. "Uko unafanya nini? Anatoka mbali vile, na unamufukuza?"

"Ni mbanda yangu," Mama alisema. Mkono ulikuwa bado kiunoni, hakujua auweke wapi.

"Kule hapana bintu ya mbanda! Juu ya nini haukumuambia tu karibu?"

"Karibu ni ya bageni," Mama akasema. "Mutoto wa mutoto wangu, mi nimuambie karibu sawa mutu wa njia?"

Mdogo wangu alimpeleka binti yake chumbani akamweleza kwamba ule ulikuwa utani, kwamba bibi anampenda. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Lakini utani ukishaelezwa ni kama bukari iliyolala, ugali wa jana: unaweza kuila, lakini humwiti mtu mezani kwa ajili yake.

Siku zilizofuata mtoto hakufanya kosa lolote. Aliamka, akatandika kitanda, akala sombe, majani yetu ya muhogo, bila kukunja uso. Mama akimwuliza chochote kwa maneno machache niliyomwongezea haraka haraka, alijibu, "Yes, ma'am." "No, ma'am." Kiingereza chake kilikuwa kile cha kusini mwa Amerika, cha kuvuta irabu kana kwamba hakuna anayemngoja.

"Ile ma'am njo kambo?" Mama aliniuliza, tukiwa tunamenya mihogo. Aliuliza kwa matumaini, nami ningetoa chochote nimjibu ndiyo.

Nilimweleza kwamba si kambo, yaani si bibi. Ni madam lililofupishwa, na kile kialama cha juu kinaonyesha mahali herufi ilipoanguka. Waingereza wanamwekea malkia wao, lakini kule anakokaa mjukuu watoto wanafundishwa kumwambia kila mwanamke: mwalimu, jirani, muuza duka.

"Hata ule wa kuuza mikate?"

"Hata yeye, Mama."

Akaendelea kumenya.

Kilichonivunja moyo zaidi ilikuwa habari ya Baba. Mtoto alimpenda. Alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na kiti chake, Baba akimfundisha kupiga mluzi kwa mapengo yake ya uzee. Lakini Mama akitokea tu mlangoni, mtoto alisimama mara moja na kwenda kukaa mbali, mikono mapajani. Alikuwa amesikia vizuri. Aliogopa kukutwa karibu na mume wa mtu.

"Ananiachia bwana yangu," Mama alisema siku ya kwanza, akijaribu kucheka. Baadaye alikuwa anakohoa kwanza ndani ya nyumba kabla ya kutoka, ili mtoto apate nafasi ya kuondoka bila kushtuka. Nilimwona akifanya hivyo, mwanamke mwenye nyumba, akibisha hodi kwenye ua wake mwenyewe. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, nikamlaani mdogo wangu, nikailaani Amerika, nikakilaani hata Kiingereza kinachonipa bukari.

Kabla hawajaondoka, Mama alinifuata. "Unifundishe ile ingine," alisema. "Ya bageni."

Nilikataa. Nilimwambia, kwa ukali ambao hakustahili, kwamba hayo sifundishi, kwamba mtoto atakua, ataelewa.

"Atakua, mi sitakuwako," Mama akasema. "Asiende na woga. Bora aende mugeni."

Nikamfundisha. Karibu nyumbani kwetu. Asante kwa kututembelea. Safari njema. Ni sentensi rahisi, zimo katika somo la kwanza la kila kitabu, na Mama alizishika papo hapo. Hakuniuliza apumue wapi.

Asubuhi, mizigo ikiwa garini, aliinama mbele ya mjukuu wake akazisema zote tatu, polepole, akitabasamu kama watu wa hoteli. Uso wa mtoto ukafunguka. Tangu afike hatukuwa tumeona kwamba ana pengo la mbele. Akamkumbatia Mama kiunoni, akamwambia asante, ma'am.

"Unaona, yaya?" mdogo wangu aliniambia mimi dada yake, macho yake yamejaa furaha. "Haikuwa kazi ya nguvu."

Gari likaondoka. Baba aliendelea kupunga mkono hata lilipokwisha kupinda. Mama alichukua ufagio akaanza kufagia uani, na jirani yetu, ambaye hakujua yaliyotupata tangu siku ile, akamwita kutoka upande wake wa ua, akicheka.

"Mama! Mbanda yako amekuachia muzee?"

Mama hakuinua kichwa.

"Hapana mbanda," alisema. "Ni bageni njo balirudia kwabo."