Springi ya Bastola ya Mwalimu

Juzi nilikwenda uwanjani Chake Chake kumtazama binti yangu akikimbia, nikashindwa kukaa. Kiti nimepewa, kivuli kipo, na bado narandaranda pembeni mwa uwanja kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku hizi mbio hazianzishwi kwa bastola. Mwalimu kijana anabonyeza simu, na spika iliyowekwa mezani inalia "piii". Lakini kabla ya kulia inakwaruza kidogo, "krr", na huo mkwaruzo ndio ulionitoa jasho. Kaa basi nikusimulie, maana tangu juzi sijatulia.

Sisi skuli yetu ya Pujini tulikuwa na bastola. Usishtuke. Ilikuwa ya kuanzishia mbio, inatumia risasi baridi, zile za mlio na moshi tu, na ikishamaliza kazi inafungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Ililetwa na mwalimu wa michezo, mtu wa bara, Mkristo, aliyepanga nyumba Madungu na kuja kwetu kila asubuhi na Honda yake. Ilikuwa imeshatumika sana huko ilikotoka. Ni ile aina inayojipakia yenyewe: ukifyatua, ganda linaruka pembeni na risasi nyingine inapanda. Ndivyo ilivyotakiwa iwe, ila yetu ilikuwa na vituko vyake. Mara ganda linabana, mara nyundo inagonga "kach" na mlio hautoki, na sisi tumeinama mstarini, vidole mchangani, jua linatuchoma migongo.

Mimi na bastola ile tulielewana. Mwalimu akianza kuvuta triga, springi kuukuu ilikuwa inalia huko ndani, "nywii", sauti nyembamba kama bawaba ya kabati. Mshindo ulikuja baadaye kidogo. Wenzangu walisubiri mshindo, mimi nilikwenda na "nywii". Hakuna aliyenifundisha, masikio yalijifunza yenyewe. Nilikuwa nagombania mstari wa kwanza, karibu na mguu wa mwalimu, na wao wakiinua vichwa mimi nimeshaondoka. Nikaitwa mwepesi skuli nzima, nami nikaamini.

Mwaka ule alitakiwa msichana mmoja tu wa mita mia kutoka wilaya yetu, akashindane Unguja. Na Unguja ndiko alikokuwa mama yangu, akifanya kazi hotelini, na kila Idi ilikuwa "inshallah, Idi ijayo". Mimi nilikaa na bibi, mama yake. Medali sikuitaka hata kidogo, nilimtaka mama. Bibi alikuwa ameshampigia simu kumwambia nitakuja kukimbia, na alikuwa ameshanishonea suruali ndefu ya kukimbilia. Nikawa hata karafuu siwezi kuzianika sawasawa. Nageuza jamvi hili, naliacha, nakwenda lile, harufu imenijaa puani.

"We mtoto, una siafu miguuni?" bibi akinambia. "Tulia. Meli haijaja."

Mwalimu naye hakuwa mtu wa kutulia. Siku moja ya mazoezi bastola iligoma mfululizo. Akatukalisha barazani, akatoa magazini, kile kikasha cha risasi, akahakikisha hamna kitu ndani, akatandika gazeti na kuanza kuifungua huku akinung'unika. Maganda yaliyolia aliyaweka upande huu, risasi zilizogoma upande ule. Zilizolia zilikuwa na kishimo kizuri kitakoni. Zilizogoma zilikuwa na alama hafifu, kama zimeguswa kwa ukucha.

"Haigongi kwa nguvu," alisema. "Ama pini ya kugongea risasi imelika, ama springi imechoka."

Niliposikia springi, nikasogea mpaka ukingoni mwa gazeti. Lakini mwalimu aliishika pini juani, akaona ncha yake imeliwa upande, akashika na kile kikulabu kinachovuta ganda, nacho kimelika. Akaamua kwamba vilivyoharibika ni hivyo viwili, akaagiza vingine bara. Springi aliipuliza vumbi, akairudisha. Roho yangu ikatulia.

Vipuri vilishuka bandarini Mkoani, akavifuata mwenyewe na Honda. Alipovifunga, maganda hayakubana tena, ila "kach" ilibaki pale pale. Na "nywii" pia ilibaki, nami nikawa naringa. Mwalimu hakulala na jambo hilo. Akaagiza springi, na ilipofika akaisimamisha pembeni ya ile kuukuu. Ya zamani ilikuwa imesinyaa, fupi kuliko mwenzake.

"Kumbe mchawi ni huyu," akacheka. "Pini nimeisingizia bure." Pini nayo ilikuwa imelika kweli, lakini alishafurahi, hakujali. Akafyatua hewani: mshindo safi. Akafyatua tena: safi. Ile kuukuu akanirushia mimi. "Chukua, ukachezee."

Niliifumba kiganjani mpaka ikanichora. Nilitaka kumwambia airudishe. Ningesemaje? Mwalimu, irudishie ugonjwa wake?

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mchujo wa wilaya, uwanjani kwetu, kwa bastola yetu ile ile. Bibi aliamka kuchoma mkate wa ufuta na kukaanga kachiri za muhogo za kula melini, nyumba nzima inanukia safari. Nikapata mstari wangu wa kwanza. Tukainama. Nikatega sikio, nikatega, kimya. Mshindo ulipokuja mimi bado nangojea "nywii". Nilikimbia kwa hasira zote nilizokuwa nazo, na msichana mmoja wa Madungu akanitangulia kwa kifua tu. Nililia pale pale mbele ya watu.

Bibi hakunigombeza. Mkate na kachiri alizifunga vizuri kwenye kitambaa, akampa yule msichana. "Mpe mwanangu. Atakuja uwanjani, utamjua, pua yake kama yangu." Kwa mama hakupiga simu, alishindwa, nami nikashindwa.

Yule msichana aliporudi alinifuata mpaka nyumbani. Akanambia mama alikuja mapema, akakaa mbele kabisa, akawa ananitafuta kila anapoinuka msichana. Alipokabidhiwa kitambaa akakijua ni cha bibi, akafahamu. "Halafu akanipigia makofi mimi," alisema, macho chini. "Mpaka nikamaliza." Mama mwenyewe alikuja Pemba baadaye sana, nikiwa nimeshampita kwa urefu.

Bibi hayupo tena. Mwalimu amerudi kwao bara, bastola ilikabidhiwa serikalini, na uwanja tuliokuwa tukikimbilia umejengwa nyumba. Springi ninayo, kwenye kopo la vifungo. Imeshika kutu, ukiibana hailii.

Basi juzi, baada ya mchujo wa kwanza, binti yangu akanijia akihema, macho yanamng'ara. Alikuwa wa kwanza. Akanivuta mkono, akaniinamisha.

"Mama, spika yao inakwaruza kabla ya kulia. Umesikia?"

Nikamfunga kamba ya kiatu, ingawa haikuwa imefunguka.

"Nimesikia," nikamwambia. "Na iko siku wataitengeneza, mwanangu."

Akacheka, akanitoroka, akarudi mbio kugombania mstari wa kwanza, ule wa karibu na meza.