Kikombe Kilichofunikwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza, na hizo simu ziwekeni chini. Mnakuja kwangu mnaniuliza, "Bibi, ulianza biashara na mtaji gani?" Nikisema nilianza na mchele na chupa ya chai, mnaandika haraka haraka kama vile jibu limo humo. Halimo. Ule mchele ungeota kuvu na ile chai ingemwagwa yote, na mimi ningerudi Tabora nimejitanda kanga kama mfiwa. Shule niliiacha darasa la tatu, mdogo wangu alipozaliwa. Maneno makubwa ya semina zenu siyajui. Hili nalijua kwa sababu limepita mwilini mwangu.

Nilifika Kigali mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, mimi na binti zangu wawili, juu ya magunia, kwenye lori alilokuwa akiendesha mume wangu. Yeye ni mtoto wa Rwanda aliyekulia Tabora. Wazazi wake walikimbia akiwa mgongoni. Vita ilipokwisha akasema, "Turudi nyumbani." Nikamwambia, "Unarudi wewe. Mimi ninakwenda." Mimi kwetu Tabora, na Kinyarwanda nilichokijua ni matusi aliyonifundisha kwa utani wa mume na mke. Pale mpakani Rusumo, juu ya daraja la mto, maji yanapiga kelele hadi husikii askari anakuuliza nini. Watu wote kwenye lori waliangalia mbele, hakuna aliyetazama mtoni. Nami nikaangalia mbele.

Yaliyotokea Kigali mwaka ule mnafundishwa. Mimi sitayaandika. Sikuwepo, si yangu kuyasimulia. Mimi naandika habari ya chai.

Tulishukia Gitega, mtaa wa Kigali, kule nyumba zilikobanana na njia zinateremka kama mtu anayekimbia. Mchele tuliuweka chini ya turubai, na mvua za Novemba zilikuwa zimeshaanza. Mume wangu akanipeleka kwa mama mmoja, mtu mzima, mrefu, aliyebaki peke yake katika nyumba yake. Jenosidi, yale mauaji ya kimbari, ilimchukulia mume na watoto. Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambamo mumewe alikuwa akishona nguo. Mlango wake ulikuwa wa mbao mbili, na yeye alikuwa akifungua ubao mmoja tu.

Nilimwambia nataka kuuza chai na wali humo. Akanitazama sana. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, kifupi, hakina mapambo.

"Chumba iko," akasema. "Mpaka mwezi mpya. Watu ikikuja, mnabaki. Watu ikikosa kukuja, ninafunga. Mlango wazi na ndani kimya, mimi siwezi tena."

Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa masharti. Hakutaka kodi kwanza. Alitaka sauti za watu ndani ya chumba kile mpaka mwezi uandame, la sivyo anafunga, na mimi na wanangu na mchele wetu tunarudi chini ya turubai.

Mwenzangu katika biashara nilimpata palepale njiani, tukigombea kivuli cha ukuta. Alikuwa ameshuka kwenye basi la Bujumbura na madebe ya mawese, sukari, dagaa, na mdomo. Wazazi wake Wanyarwanda, yeye kazaliwa Bujumbura. Kigali hakuwahi kuiona hata siku moja, lakini aliitembea kama anaidai. Mimi nina mchele, yeye ana sukari. Tukaingia chumba kimoja, jiko moja, na ugomvi ukaanza siku hiyohiyo.

"Dada, wali mweupe hivi ni wa msiba?"

"Na huo wako mwekundu ni wa kula au wa kupaka milango?"

"Ukionja utaacha mume."

"Mume nilishamzoea. Toa mawese yako kwenye sufuria yangu."

Mama mwenye nyumba alikuwa akikaa kwenye kiti kando ya ule ubao uliofungwa, anatusikiliza. Hakucheka, lakini hakutunyamazisha.

Sasa nisikilizeni jinsi nilivyofundishwa chai. Kwetu Tabora, chai ya mgeni inapikwa jikoni, mgeni asiione ikitokota. Tangawizi iliyopondwa, iliki, mdalasini kidogo, maziwa, unachuja. Unaijaza kikombe hukohuko ndani. Unakifunika kwa kisahani isiingie vumbi wala nzi. Unakipeleka kwa mikono miwili, unakiweka, unaondoka, kwa sababu mgeni hatazamwi mdomoni. Wewe mwenyewe unakunywa mwisho, kwa makombo, jikoni. Mama yangu alinifinya mapaja mpaka hayo yote yakaniingia. Mwenyeji anayejitanguliza kwetu ni mchoyo, hana malezi.

Nikafanya hivyo Gitega. Wateja walikuja: mafundi waliokuwa wakirudishia mapaa, wapagazi, watu waliotoka Uganda na Burundi wakitafuta nyumba za wazazi wao. Walikaa kwenye benchi. Nikaleta vikombe, vimefunikwa, vinanukia. Mtu anainua kisahani, anatazama ndani, anakirudisha taratibu kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. "Oya, urakoze," anasema. Hapana, asante. Chai inabaki pale inapoa.

Mayai ya kuchemsha yaliisha. Ndizi mbivu ziliisha. Soda ziliisha, na kila mmoja alitaka nimfungulie chupa mbele ya macho yake. Lakini chai ililala, na wali ulilala, na mteja wa mayai hakai. Anamenya, anakula, anakwenda. Chumba kinarudi kuwa kimya, na mama kwenye kiti anageuza uso.

"Dada," mwenzangu akasema, "tufuge kuku tu. Kupika tumeshindwa."

Nikabadilisha maziwa. Nikapunguza tangawizi. Nikasugua vikombe kwa majivu mpaka binti zangu wakalalamika mikono. Nikainusa ile chai kama mbwa anusavyo mgeni. Haikuwa na kosa.

Lakini lililoniuma zaidi si wateja. Kila asubuhi nilimpelekea mama mwenye nyumba kikombe chake, kimefunikwa, kwa mikono miwili. Kila jioni nilikikuta palepale, kisahani juu, chai imeshika utando. Yeye mwenyewe alijichemshia viazi vitamu kwenye jiko lake dogo la mkaa uani, akanywa maji aliyoyateka mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu ananidharau. Ananiona mtu wa kuja. Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Mpe muda." Wanaume wana muda mwingi wa kugawa. Mimi nilikuwa natazama juu kila alfajiri, na mwezi ulikuwa umebaki kama kipande cha ukucha.

Siku moja mchana mvua ilikuja kwa hasira. Maji yakateremka barabarani, yakaingia chini ya mlango. Tukakimbilia magunia, mimi na mwenzangu, tukayainua juu ya mabenchi moja baada ya jingine, mpaka mgongo wangu ukaniita jina. Nililowa hadi mfupani. Ile chupa ya chai ilikuwa mezani, chai ya asubuhi ambayo hakuna aliyeitaka. Adabu ziliniishia. Nikajimiminia, nikanywa nimesimama, kwa sauti, mbele ya mtu mzima, bila kusema karibu. Mama yangu angenikana.

Nilipoteremsha kikombe nikamwona yule mama. Alikuwa ananitazama koo. Akainuka kwenye kiti chake, akaenda kwenye sinia la vikombe, akachukua kikombe kitupu yeye mwenyewe, akaninyooshea.

"Toka hiyo hiyo," akasema.

Nami kwa ujinga wangu wa heshima nikasema, "Mama, hii imepoa. Ngoja nikuletee ya moto jikoni."

"Oya. Jikoni hapana. Hiyo umekunywa."

Nikammiminia. Akanywa yote, amesimama kama mimi. Kisha akaninyooshea kikombe tena.

Mwenzangu alikuwa bado amekumbatia gunia. Akaliachia likaanguka. "Mana yanjye, Mungu wangu! Ameonja! Dada, umeonja!"

"Nimeonja nini?"

"Hujui? Kwa wazee wetu mtu hakupi pombe mpaka ainywe yeye kwanza mbele yako, ujue haina sumu. Baba yangu kule Bujumbura hakupokea kibuyu cha mtu hivihivi, hata cha ndugu yake. Lakini hiyo ni pombe! Nani anaonja chai?"

Yule mama akasema polepole, hakumjibu yeye, alinijibu mimi. "Mwaka huu, hata maji." Akakaa. Akatafuta maneno. "Wewe unafunika, unaondoka. Mimi ninabaki na kikombe peke yangu."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mimi nilikaa juu ya gunia nikafikiri, na tangu siku ile sijamaliza kufikiri. Kile kisahani nilikiweka kwa heshima, kumbe kwake kilikuwa kinaficha. Kuondoka kwangu ili asitazamwe, kumbe nilikuwa namwacha na hatari. Watu wale walitoka mahali ambapo jirani aliyewajua majina alikuwa amewageuka; sasa anakuja mwanamke asiyemjua hata mtu mmoja mtaani, anapika nyuma ya ukuta, analeta kitu kimefunikwa, anatoweka. Mimi mwenyewe nisingekunywa. Na aliyejua hakuniambia, kwa kuwa hakudhani kuna mtu asiyejua. Hivi ndivyo biashara za watu wanaovuka mipaka zinavyokufa, wanangu. Mnasema ni ushuru na barabara. Mara nyingine ni adabu mbili nzuri zimekutana, na hakuna inayoitambua nyingine.

Asubuhi yake tukagombana tena na mwenzangu, maana yeye alitaka kuonja kila kikombe cha mteja.

"Mate yako? Kwenye kikombe cha watu?"

"Mate yangu ya Bujumbura, dada, matamu kuliko iliki yako."

"Hapa hailambwi sahani ya mtu. Mimi sikuzaliwa hivyo."

"Na mimi sikuzaliwa kumwaga chai kila jioni."

Tukatazamana. Mwisho tulikubaliana hivi: chupa inakaa mezani, mbele ya wote. Mwenye kumimina anajimiminia kikombe chake kwanza, anakunywa, kisha anammiminia mteja kutoka chupa ileile. Mdomo wangu haugusi kikombe chake. Hapo nilikataa katakata. Na wali tunaupakua hapohapo mbele, sisi tunakula kwanza, benchi la karibu na mlango. Mawese? Sufuria mbili, kila mtu na rangi yake.

Msidhani ilikuwa rahisi kwangu. Mteja wa kwanza alikuwa fundi mwashi, saruji imemkaukia mikononi. Nikashika chupa. Kujimiminia kabla ya mtu mwenye njaa! Niliona kama naiba mchana kweupe. Nikanywa funda, nikameza, sikuweza kumtazama. Nilisikia tu kitu kinaburuzika mezani. Alikuwa anakisogeza kikombe chake kwangu.

Akanywa, akaagiza wali, akala, akakaa. Akaja mwingine, wakaulizana wametoka wapi, mmoja Kampala, mmoja Ngozi kule Burundi, wakagundua babu zao walitoka mlima mmoja. Sauti zikapanda. Mwenzangu akaingilia kati, kama kawaida yake, akawaambia wote wawili wanasema uongo. Watu wakacheka. Nikageuka kumtazama yule mama kwenye kiti chake. Alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala, alikuwa anasikiliza.

Baadaye mchele wangu ulifika mpaka Bujumbura na mawese ya mwenzangu yakafika mpaka Tabora, kwa watu waliokuwa wakiyacheka. Hayo mnayajua, ndiyo mnayoyafuata kwangu. Lakini yote yalipitia kwenye ule mlango wa Gitega.

Mwezi uliandama siku ya mawingu, sikuuona. Nilijua tu kwa sababu asubuhi yake yule mama aliinuka, akatoa kiti chake pale kilipokuwa kimeegemea ule ubao wa pili, akavuta komeo lililoshika kutu, akasukuma kwa bega. Mwanga ukaingia hadi ukuta wa nyuma. Akaniuliza, "Chai iko?"

Na binti yangu mkubwa, mtoto wangu mwenyewe niliyemfinya mapaja kama nilivyofinywa, akakimbia jikoni kumletea yake: kikombe kimejazwa ndani, kisahani juu, mikono miwili, akakiweka, akageuka kuondoka. Malezi mazuri kabisa. Nikamshika mkono hapohapo. Nikamwita na mdogo wake, nikamwita na baba yao aliyekuwa nje chini ya lori, wote wakasimama mbele yangu, nikawaambia:

"Kuanzia leo hakuna anayekula wala kunywa jikoni. Chai inamiminwa mbele ya mtu, wewe kwanza, kisha yeye, na huondoki mpaka amekunywa. Na visahani vyote kavifungeni kwenye gunia, sitaki kuviona juu ya kikombe cha mtu."