Mstari Wangu wa Pilipili

Juzi, kwenye kitalu chetu cha mbegu, niling'oa mpilipili wenye mizizi iliyojaa vinundu, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni Ujiji, nikiwa na bibi, tukisafisha bustani iliyomaliza msimu. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa. Bibi aling'oa kila shina, akakung'uta udongo na kuikagua mizizi kabla ya kuchuma pilipili za mbegu.

“Nawe nichagulie shina moja,” aliniambia.

Niliona lenye vinundu tele, nikadhani ni karanga changa. Shina linalozaa juu na chini! Nikamkimbilia nalo.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. “Mke mwenzangu, umeniletea mgonjwa! Haya, usilie. Mbegu zako tutazipanda mstari wa pembeni, tuone.”

Msimu uliofuata mstari wangu ulinyauka, mistari yake ikanawiri.

Bibi aliuita ugonjwa wa udongo. Mimi sasa najua ni minyoo wasioonekana kwa macho. Kazi yangu ni kuzalisha pilipili zinazowastahimili, na kila msimu lazima nipande mstari mmoja dhaifu wa kulinganishia. Wenzangu wameupa namba. Mimi nauita wangu.